Seli za Moyo Zinapenda Matuta



Jioni moja darasani tulikuwa tunasoma habari za mapigo ya moyo. Mzee mmoja, ambaye ndugu yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa moyo, aliniuliza: "Mwalimu, nikijikata mguu kwa jembe, kidonda kinapona. Mbona kidonda cha moyo hakiponi?" Siku ile sikuwa na jibu zuri. Nikaenda kusoma. Leo namjibu mzee, na ninyi wengine someni.

Moyo wako ni mkubwa kama ngumi yako. Ni msuli. Unapiga kama mara 100,000 kwa siku, usiku na mchana, bila likizo. Msuli huo umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ziitwazo seli. Seli moja ya msuli wa moyo ina umbo la kijiti. Urefu wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Inajikunja, inajinyoosha. Zote zikijikunja pamoja, damu inasukumwa.

Mshipa unaolisha moyo ukiziba, seli hukosa hewa safi. Zinakufa kwa mamilioni. (Ndiyo maana maumivu makali ya kifua si ya kungojea kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.) Ngozi huota seli mpya haraka. Lakini moyo wa mtu mzima hauotei hivyo. Kati ya seli 100 za msuli wake, kwa mwaka mzima haipati mpya zaidi ya moja hivi. Basi pengo linazibwa na kovu. Kovu linashikilia, lakini halisukumi damu. Hilo ndilo jibu la swali la mzee.

Sasa, nguo ikichanika tunaitia kiraka. Wataalamu wakasema: kwa nini tusioteshe seli za moyo maabara, tukapata kiraka cha moyo? Wakaziotesha ndani ya visahani. Kweli zikaota, na ukizitazama kwa darubini unaziona zinadunda. Lakini nguvu hazina. Kwa nini?

Hebu fikiri watu 20 wanaovuta mtumbwi kutoka majini. Kila mmoja ana kamba yake, na kila mmoja anavuta upande wake. Jasho litatoka, mtumbwi hautasogea. Ndivyo zilivyo seli juu ya kisahani kinyororo kama kioo. Zinalala ovyo, hii huku, ile kule. Ndani ya moyo wako haziko hivyo. Zimepangwa kwa mistari, zimeshikana kichwa kwa kichwa, juu ya nyuzi nyembamba za mwili.

Kumbe dawa yake ni matuta! Ukichukua kisahani kile kile ukakichora mifereji midogo, matuta na mifereji kama shamba la viazi, seli zinajipanga zenyewe. Hakuna anayezipanga.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1914 mtaalamu wa Marekani, Ross Harrison, aliandika kwamba aliweka seli za kiinitete cha chura juu ya utando wa buibui. Seli zikafuata nyuzi za buibui kama mtu anayefuata njia porini.

Seli haina macho. Inajuaje njia? Inapapasa. Ina vishikio vidogo nje ya mwili wake, na ndani vishikio hivyo vimefungwa kwenye kamba nyembamba. Kishikio kikipata tuta, kinashika na kuvuta. Kikikosa, kinaachia. Basi seli inanyooka kufuata tuta, na kamba zake za ndani zinanyooka vivyo hivyo.

Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza habari iliyonishangaza. Waliotesha seli za mioyo ya watoto wa panya juu ya matuta membamba mno. Upana wa tuta moja haukufika sehemu moja ya elfu ya milimita. Juu ya unene wa unywele mmoja tu yangekaa makumi ya matuta hayo! Hata hivyo seli ziliyatambua, zikajipanga. Hata ile ishara ya umeme inayoamrisha moyo upige ilikimbia haraka zaidi ikifuata matuta kuliko ikiyakata.

Lakini matuta peke yake hayatoshi. Mahali pa kuotea pakiwa pagumu kama kovu, seli huchoka na kuacha kupiga vizuri. Panatakiwa pawe na ulaini kama wa moyo wenyewe.

Tena, matuta ya moyo hayakunyooka kama ya bondeni. Yanazunguka, kama matuta yanayopanda mlima kwa kuuzungushia. Ndiyo maana moyo haubani tu, unakamua, kama unavyokamua kanga iliyofuliwa. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walitengeneza vyumba vidogo vya moyo kwa nyuzi nyembamba, wakaviotesha seli. Vingine vilikuwa na nyuzi za kuzunguka kama pete, vingine za kuzunguka huku zinapanda. Hivi vya kupanda vilisukuma maji mengi zaidi. Ni vyumba vya majaribio tu, havikuwekwa ndani ya mtu.

Viraka, hata hivyo, vimeshaanza kujaribiwa. Januari 2025 madaktari wa Göttingen, Ujerumani, walieleza kwamba viraka vya seli za moyo vilishonwa juu ya mioyo ya nyani, kisha juu ya moyo wa mgonjwa mmoja mwanamke. Bado ni majaribio. Usiende hospitali ya wilaya kuulizia kiraka.

Juzi nilimsomea mzee wetu habari hizi. Alinyamaza, halafu akauliza: "Na hayo matuta yenyewe, yakishaingia moyoni, nani atayatoa?" Safari hii nilikuwa na jibu. Wataalamu wengi wanajaribu vitu vinavyoyeyuka polepole mwilini, kama ule uzi wa hospitali unaoyeyuka wenyewe baada ya kidonda kushonwa. Wanatumaini kwamba siku matuta yatakapokwisha, seli zitakuwa zimeshashikana katika mistari yao.