Njia Panda ya Kikorongo na Amri Zisafirizo Ndani ya Vifurushi

Askari aliyewahi kushika zamu Kikorongo anaijua vema njia panda ile. Magari yatokayo Mbarara na Bushenyi huvuka daraja la Katunguru, hupita katikati ya mbuga ya wanyama, kisha huachana: ya Kasese huendelea mbele, na ya Bwera, hadi mpakani Mpondwe, hukunja kushoto. Mwenye zamu hafungui barua za watu. Hutazama gari liendako, akaliruhusu.

Mitandao ya kompyuta nayo ilijengwa kwa desturi hiyo. Habari hukatwa vipande vidogo viitwavyo vifurushi, kila kimoja kikibeba anwani yake. Kwenye kila njia panda upo mtambo, yaani ruta, usomao anwani na kukisukuma kifurushi mbele. Yaliyomo ndani hayauhusu.

Katika mwaka 1996, David Tennenhouse na David Wetherall wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza shauri jingine: kifurushi kibebe pia programu, na ruta iiendeshe programu hiyo kinapopita. Fikra hiyo ilipata fedha za DARPA, idara ya utafiti ya wizara ya ulinzi ya nchi hiyo. Hata kabla yao, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Linköping, Sweden, walikuwa wamejaribu jambo la namna hiyo kwa redio, katika mtandao ulioitwa Softnet.

Faida yake tuitazame hapa hapa kwetu. Mto Nyamwamba ulifurika ukaleta maafa Kasese mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020. Tuchukulie kwamba ipo ruta Kikorongo, na onyo latumwa kutoka Mbarara kwa kituo cha Kasese na kile cha Bwera. Kwa desturi, Mbarara hutuma nakala mbili, na zote mbili huifuata njia ile ile hadi Kikorongo. Kifurushi chenye programu kingekuja kimoja tu, kikajigawa hapo. Na kama njia ya Kasese imekatika, kingengoja pale pale na kujaribu tena, pasipo kurudi nyuma kuomba ruhusa.

Lakini hapo ndipo penye mashaka. Ni askari gani atiiye amri iliyotolewa mfukoni mwa msafiri asiyemjua? Programu mbaya yaweza kujizalisha bila kikomo ikausonga mtandao mzima. Wetherall mwenyewe, alipoeleza mwaka 1999 mafunzo ya mtandao wao wa majaribio, ANTS, alikiri kwamba programu zilihitaji kuthibitishwa na mamlaka inayoaminiwa. Tena lipo suala la mwendo. Ruta kubwa husukuma mamilioni ya vifurushi kila sekunde kwa vifaa vilivyoundwa kwa kazi hiyo moja. Kusimama kuendesha programu ngeni kwa kila kifurushi ni sawa na kupekua kila lori hadi chini ya magunia, na foleni yake kila mmoja wetu anaijua.

Kwa hiyo wazo hilo halikuenea kama lilivyozaliwa. Waliodumu ni ndugu zake. OpenFlow, ya mwaka 2008, huiwezesha kompyuta moja ya makao kuiamuru mitambo mingi. Lugha ya P4, iliyoelezwa mwaka 2014, humwezesha mhandisi kuupanga mtambo wenyewe. Na eBPF, iliyoingia katika Linux mwaka huo huo, huikagua programu kabla ya kuiendesha: je, itafika mwisho? Je, itagusa kumbukumbu isiyo yake? Ikishindwa, hukataliwa mlangoni. Katika yote matatu, amri hutoka kwa mwenye mtandao, si kwa mpita njia.

Sisi twaona ni haki iwe hivyo, ingawa ina gharama yake. Mtambo uliotengwa na makao kwa mafuriko hauna wa kumwuliza. Chini ya OpenFlow waweza kupangwa uendelee kuzifuata amri za mwisho ulizopewa, hadi muda wa amri hizo uishe. Na kama jioni hakuna aliyeuambia la kufanya njia ya Kasese ikikatika, usiku hautajua.