Bili ya intaneti nayo ina maelewano

Hapa Kampala ni nadra mtu kununua mkungu wa matoke sokoni Nakawa kwa bei ya kwanza anayotajiwa. Muuzaji hutaja yake, mnunuzi hutaja yake, mwishowe wakaelewana. Lakini mnunuzi huyo huyo akifika nyumbani hulipa bili ya intaneti na televisheni kila mwezi bila kuuliza lolote, kana kwamba bei hiyo imepitishwa na Bunge.

Ni kweli kwamba sehemu ya bili hiyo imepitishwa na Bunge. Tangu Julai 2021, data ya intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, ulioletwa badala ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya Sh200 kwa siku iliyoanza Julai 2018. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18, ambayo hukatwa hata juu ya ushuru wenyewe. Kwa hiyo huduma ambayo kampuni inaiuza kwa Sh100 humfikia mteja kwa Sh132. Hizo Sh32 hakuna mhudumu wa simu anayeweza kuzigusa. Maelewano yako katika zile Sh100.

Nyumbani kwangu tulikuwa tukilipa Sh195,000 za intaneti na Sh160,000 za televisheni, jumla Sh355,000 kwa mwezi. Nilipotaja habari ya kukata intaneti, mke wangu, ambaye hupokea oda za ushonaji kupitia simu, alinijibu, “Baba watoto, ukikata hiyo umekata na cherehani yangu.” Isitoshe, hatujasahau kwamba shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Katika kipindi hicho, mtoto aliyekuwa na intaneti aliendelea kusoma. Asiyekuwa nayo wengi walimwona akichunga mbuzi au akiuza karanga.

Basi tulianza na daftari. Kwa wiki mbili kila mtu aliandika chaneli aliyoitazama. Kati ya chaneli nyingi tulizolipia, tulitazama tisa tu, na baadhi yake, kama UBC, Bukedde, NBS na NTV, hazihitaji malipo ya mwezi kwa mwenye antena na king'amuzi kinachofaa. Hapo hatukuwa na haja ya kumbembeleza mtu. Televisheni yetu ni ya kulipia kabla, kwa hiyo mwezi ulipokwisha tulishuka hadi kifurushi cha Sh70,000. Ligi Kuu ya Uingereza huanza Agosti na kumalizika Mei. Juni na Julai mpenzi wa mpira anaweza kushuka zaidi.

Intaneti ndiyo iliyohitaji maneno. Kabla ya kupiga simu, niliandika bei, kasi na gharama ya kuunganishwa ya kampuni mbili nyingine zinazohudumia mtaa wetu. Niliandika pia siku nne za mwezi huo ambazo huduma ilikatika, pamoja na namba za malalamiko niliyopewa.

Kijana aliyepokea simu aliniambia kwa heshima, “Ssebo, bei ni moja kwa wateja wote.” Nilimwambia kwamba bango lao wenyewe barabarani linampa mteja mpya kasi ile ile kwa bei nafuu, nami ni mteja wa miaka mitatu. Nikamwomba aniunganishe na mwenye uwezo wa kuamua. Siku mbili baadaye nilipigiwa na afisa mmoja: nikilipa miezi mitatu pamoja, bei itakuwa Sh155,000 kwa mwezi, na siku nne zilizopotea nitaongezewa. Nilimwomba aniandikie hayo kwa barua pepe, na nikalipa baada ya kuipata.

Sasa tunalipa Sh225,000. Tumeokoa Sh130,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni Sh1,560,000.

Msomaji anayetaka kujaribu azingatie mambo machache. Asisubiri siku ambayo huduma inakatwa, kwani mwenye haraka hana nguvu ya kujadili. Asimfokee mhudumu, si yeye aliyepanga bei. Aulize punguzo litadumu kwa muda gani na bei itakuwaje likiisha. Asitishie kuhama ikiwa hana pa kuhamia. Heri aombe kasi zaidi au siku za nyongeza. Kampuni ikikataa kushughulikia lalamiko la haki, Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC) hupokea malalamiko, lakini ni lazima kwanza uwe umeilalamikia kampuni yenyewe.

Nafasi hii ya kujadiliana haikuwepo zamani. Nchi yetu haina pwani, na kabla ya mikonga ya baharini kama SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 kufika Mombasa na Dar es Salaam, tulitegemea setilaiti kwa gharama kubwa. Leo kampuni kadhaa hugombea wateja mjini. Lakini jamaa zetu wa vijijini, penye kampuni moja au pasipo na yoyote, hawana wa kumlinganisha na mwingine, na daftari pekee haliwezi kuwapa punguzo.

Miezi yetu mitatu inakwisha mwezi ujao. Daftari liko juu ya meza ya televisheni, na mke wangu amekwisha kusema kwamba safari hii atapiga simu yeye, maana anaamini Sh155,000 nilizokubali bado ni nyingi.