Jina la marehemu halina wakili ila jamaa zake

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nimekuja kutambua kwamba si mali pekee ipoteayo kwa kukosa daftari. Hata jina la mtu laweza kupotea vivyo hivyo, tena likapotelea mahali ambapo ulimwengu mzima unalitazama.

Yapata miaka mitatu sasa tangu binti wa binamu yangu aliponijia akiwa na simu mkononi na fadhaa usoni. Mwalimu wao alikuwa amewaagiza waandike insha kuhusu mtu mashuhuri katika ukoo, naye kwa fahari akamchagua babu yake, marehemu baba yangu mdogo, ambaye enzi zake alikuwa refa wa kandanda aliyejulikana viwanjani. Katika kamusi elezo moja ya mtandaoni alikuta makala mafupi yaliyodai kwamba refa huyo alipigwa marufuku ya maisha kwa kula hongo. Juu ya makala hayo palikuwa na picha ya mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemjua.

"Mjomba," aliniuliza, "ni kweli babu alikula hongo?"

Nilimkumbuka mzee yule alivyokataa hata chupa ya soda kutoka kwa viongozi wa timu kabla ya mechi. Nilijua kwamba palikuwa na refa mwingine aliyeitwa kwa majina hayo hayo mawili, na kwamba huyo ndiye aliyepatikana na kosa. Lakini kujua ni jambo moja, na kuthibitisha ni jambo jingine.

Binamu yangu mkubwa alipandwa na hasira, akayafuta makala yote usiku ule. Kabla hakujapambazuka yalikuwa yamerejeshwa. Akayafuta tena, yakarejeshwa tena, safari hii pamoja na onyo. Machoni pa wale waliokuwa wakilinda ukurasa ule, yeye hakuwa mwana anayetetea jina la babake, bali mharibifu asiye na jina wala ushahidi. Hasira hasara.

Tulipofikiria kwenda mahakamani, wakili mmoja rafiki yangu alitutuliza kwa maneno machache. Sheria tuliyorithi kwa Waingereza haimtambui marehemu kuwa mtu anayeweza kuharibiwa jina. Hata kesi ya kashfa aliyoianza mtu akiwa hai hufa pamoja naye, ilhali madai mengine mengi huendelea kwa manufaa ya mirathi yake. Shamba la marehemu lina mtetezi kortini. Jina lake halina.

Je, mlango mwingine uko wapi? Uko katika desturi za kamusi elezo zenyewe. Wikipedia, iliyo mashuhuri kuliko zote, ilianzishwa mwaka wa 2001, na toleo lake la Kiswahili likafuata mwaka wa 2003. Humo karibu kila mtu aweza kuandika. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo hatari yake pia. Mwaka wa 2005 mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, aligundua kwamba makala yaliyomhusu yalikuwa yamemhusisha na mauaji ya Rais John Kennedy na nduguye Robert. Uwongo huo ulikuwa umekaa hapo zaidi ya miezi minne. Kanuni za kuandika juu ya watu walio hai zilikazwa baada ya hapo, nazo zaweza kumlinda hata aliyefariki karibuni, lakini kwa kawaida si zaidi ya miaka miwili. Muda huo ukipita, marehemu huwa historia kama historia nyingine yoyote.

Jamaa wa marehemu, kwa mujibu wa desturi hizo, hahimizwi kuyarekebisha makala mwenyewe. Hushauriwa aende katika ukurasa wa majadiliano, aeleze waziwazi yeye ni nani, aonyeshe kosa lilipo na alete ushahidi uliochapishwa. Machozi ya mjane si ushahidi. Kipande cha gazeti la siku ile ni ushahidi.

Picha nayo ina mambo yake. Mama mdogo alitutolea sanduku lake la bati, na ndani yake tukapata picha nzuri ya marehemu akiwa na kipenga shingoni. Tukaiweka mtandaoni, nayo ikaondolewa siku chache baadaye. Tulidhani tumeonewa, kumbe sisi ndio tuliokosea. Kumiliki karatasi ya picha si kumiliki haki ya kuichapisha. Picha ile ilipigwa na mpiga picha wa kuzunguka viwanjani, ambaye alipiga kwanza kisha akatafuta wanunuzi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, hapa kwetu picha hulindwa kwa miaka 50, na haki ile ilikuwa bado ni yake. Bahati yetu ni kwamba nyuma ya picha palikuwa na muhuri wake. Yeye alikuwa amekwisha kufariki, lakini mwanawe, aliyerithi kazi na haki za babake, alitutilia sahihi barua ya ruhusa bila kudai hata senti moja.

Msomaji asidhani kwamba picha ni jambo dogo. Mkumbuke Dedan Kimathi. Picha yake iliyoenea kuliko zote ni ile iliyopigwa alipokamatwa Oktoba 1956, amelala, mikono yake imo katika pingu. Si picha ya uwongo. Lakini ilipigwa chini ya mamlaka ya waliomkamata, na kwa miaka mingi ndiyo iliyomtambulisha kwa ulimwengu. Ilitubidi tungoje hadi Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu aliponyongwa, ndipo sanamu yake ikazinduliwa jijini Nairobi akiwa amesimama, bunduki mkononi. Anayechagua picha ya marehemu huchagua pia jinsi marehemu atakavyokumbukwa.

Hatimaye nilikwenda kupekua magazeti ya zamani maktabani. Siku ya tatu niliipata habari ya yule refa mwingine, pamoja na mji alikotoka na umri wake. Haikuacha shaka kwamba alikuwa mtu tofauti. Lakini kurasa chache mbele nilikuta habari nyingine, na hii ilimhusu mzee wetu hasa. Alikuwa amesimamishwa kwa mechi sita kwa kushindwa kuudhibiti mchezo uliogeuka vurugu.

Binamu zangu walitaka tuifiche. Nami nakiri kwamba nilishawishika. Mama mdogo ndiye aliyetukata kauli. "Mwanangu, peleka yote," aliniambia. "Alikuwa refa, hakuwa malaika."

Nikayapeleka yote. Makala yalirekebishwa kabla ya wiki mbili kwisha. Hongo imeondoka, mechi sita zimeingia, na picha iliyopo leo ni yake. Naamini ile habari ya mechi sita ndiyo iliyowafanya wahariri wale watuamini katika ile nyingine, kwa kuwa anayekuja kutoa uwongo huku akificha ukweli hana tofauti kubwa na aliyeuandika uwongo huo.

Kwa hivyo nawasihi wenzangu wenye wazee walio hai na wenye masanduku ya bati chini ya vitanda. Andikeni nyuma ya kila picha, kwa kalamu ya risasi, ni nani yumo, ni nani aliyeipiga, ni wapi na mwaka gani. Hifadhini vipande vya magazeti, barua na vyeti. Waulizeni wazee majina kamili wangali na kumbukumbu. Ukweli ukidhihiri uwongo hujitenga, lakini ukweli haudhihiri wenyewe. Lazima pawe na mtu wa kuutoa sandukuni.

Yule binti aliimaliza insha yake akiwa amechelewa muhula mzima. Aliandika juu ya hongo ambayo haikuwako na juu ya mechi sita zilizokuwako. Kisha akanijia na daftari jipya, akanitaka nimtajie majina ya watu wote walio katika picha za sanduku lile. Tumefika picha ya arobaini.