Bastola ya mfanyabiashara: Kifungio cha usalama kina kazi gani?

Makambako ni mji wa njia panda. Reli ya TAZARA inapita hapo, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita hapo, na ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Mbao, viazi, mahindi na parachichi za nyanda za juu hukusanywa na kupakiwa katika mji huo. Mahali bidhaa zinapopita, fedha nazo hupita, na sehemu kubwa ya fedha hizo bado ni noti. Mkulima wa viazi hulipwa shambani na mpasua mbao hulipwa msituni, na wote wawili hupenda kuhesabu kwa mkono.

Upande wa Ludewa, yaliko makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, mwaka 2023 Serikali ilianza kulipa fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 15 kwa wananchi waliopisha miradi hiyo. Wenye maduka, magari na nyumba za wageni wanatazamia mzunguko mkubwa zaidi wa fedha mradi utakapopamba moto. Kwa sababu hiyo si ajabu kumsikia mfanyabiashara wa Njombe akiuliza bastola ipi inamfaa, na kama achague yenye kifungio cha usalama au isiyo nacho.

Swali hilo ni la kibiashara kama lilivyo la usalama. Bastola ni mali inayonunuliwa mara moja na kugharamiwa miaka yote, na ikitumika vibaya hasara yake haina bima inayoitosha.

Kwanza, kibali

Nchini Tanzania silaha hainunuliwi kama jenereta. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayosimamia jambo hili. Mwombaji hueleza sababu za kuhitaji silaha, hujadiliwa ngazi kwa ngazi kuanzia anakoishi, na hutakiwa kuwa na cheti cha umahiri, yaani uthibitisho kuwa anajua kuitumia na kuitunza. Leseni humhusu yeye na silaha ile tu. Haimhusu dereva wake, mlinzi wa ghala wala mdogo wake anayesimamia duka. Mwaka 2016 polisi waliendesha uhakiki wa silaha zote zinazomilikiwa na raia, na mwaka 2023 Serikali ilitoa muda wa msamaha kwa wenye silaha haramu kuzisalimisha. Ujumbe ulikuwa wazi: anayenunua bastola kichochoroni hanunui ulinzi, ananunua kesi.

Kifungio ni nini?

Kifungio cha usalama ni kidude kidogo pembeni mwa bastola kinachosukumwa kwa kidole gumba. Kikifungwa, bastola haifyatuki hata ukivuta kifyatulio. Wengi huamini kwamba bastola isiyo na kidude hiki haina usalama wowote. Hilo si kweli, na ili kuelewa kwa nini, inafaa kuzigawa bastola katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni bastola za mtindo wa Colt M1911, zilizobuniwa na John Browning na kuingizwa katika jeshi la Marekani mwaka 1911. Hizi hubebwa nyundo ikiwa imekokiwa tayari, na kifyatulio chake ni chepesi na kifupi. Hapa kifungio ni cha lazima. Bila hicho, mguso mdogo tu unatosha kuifyatua.

Kundi la pili ni Walther PP ya Ujerumani ya mwaka 1929, Makarov ya Kisovieti ya mwaka 1951, Beretta 92 ya Italia na nyingine za jamaa hiyo. Risasi ya kwanza huhitaji mvuto mzito na mrefu, na zinazofuata huhitaji mvuto mwepesi. Kifungio cha bastola hizi hufanya kazi mbili: huzuia kufyatuka, na huishusha nyundo iliyokokiwa bila kuigonga risasi.

Kundi la tatu ni bastola za kisasa zisizo na nyundo ya nje. Maarufu zaidi ni Glock 17, iliyoingia katika jeshi la Austria mwaka 1982. Haina kifungio cha kidole gumba. Ina vizuizi vitatu vya ndani vinavyojifungua vyenyewe pale kifyatulio kinapovutwa, na kujifunga kinapoachwa. Ikidondoka chini, vizuizi hivyo hukusudiwa kuizuia isifyatuke. Lakini kitu chochote kikivuta kifyatulio kwa uzito wa kama kilo mbili na nusu, iwe kidole, kamba ya koti au kalamu mfukoni, itafyatuka. Yenyewe haibagui.

Kundi la nne ni rivolva, yaani bastola ya gurudumu. Kwa kawaida haina kifungio. Ulinzi wake ni uzito wa kifyatulio, ambao nyundo isipokokiwa huwa karibu mara mbili ya ule wa kundi la tatu.

Wakubwa nao hawajakubaliana

Msomaji asidhani kwamba wataalamu wana jibu moja. Austria ilichagua bastola isiyo na kifungio. Marekani ilipochagua bastola mpya ya jeshi lake mwaka 2017, SIG Sauer P320, iliyopewa jina la M17, ilitaka iwekewe kifungio. Mwaka huo huo ilionekana kwamba baadhi ya P320 zilizouzwa kwa raia ziliweza kufyatuka zikidondoka kwa pembe fulani, na kiwanda kikajitolea kuzirekebisha bure. Kifungio ni sehemu moja tu ya usalama. Ubora wa vizuizi vya ndani ni sehemu nyingine, na mnunuzi anapaswa kuuliza yote mawili.

Wanaopinga kifungio wana hoja. Mtu anayeshambuliwa hutetemeka, na kidole chake hupoteza ustadi wa mambo madogo. Akisahau kufungua, atavuta kifyatulio cha chuma kilichokufa. Kwa wakazi wa Njombe hoja hii ina uzito wa pekee: mwezi Juni na Julai baridi huko si ya mchezo, watu huvaa makoti mazito na glavu, na vidole hufa ganzi. Kidude cha ukubwa wa punje ya mahindi si rahisi kukitafuta chini ya koti saa kumi na moja alfajiri.

Aidha, vifungio havifanani. Katika Makarov, kusukuma chini ni kufungua. Katika Walther PP na Beretta 92, kusukuma chini ni kufunga. Mwenye kuzoea moja akinunua nyingine atafanya kinyume wakati asiotaka. Ukiwa na bastola ya zamani na unafikiria kubadili, hilo liingize katika hesabu.

Wanaounga mkono nao wana hoja. Bastola ya mfanyabiashara haikai kiunoni kama ya askari. Leo iko kwenye droo ya ofisi, kesho kwenye gari linalorushwarushwa na mashimo ya barabara, keshokutwa nyumbani kwenye watoto. Mwenyewe pengine hafanyi mazoezi hata mara moja kwa mwaka. Kwa mtu wa namna hiyo, kikwazo kimoja cha ziada kati ya kosa na mlio wa risasi kina thamani. Na iwapo mtu mwingine ataikwapua, sekunde anazopoteza kutafuta kifungio zinaweza kuokoa roho.

Uamuzi unategemea matumizi

Kwa maoni ya ukurasa huu, jibu halitoki dukani bali hutoka katika maisha ya mnunuzi. Anayekusudia kuibeba mwilini, katika mkoba mgumu unaofunika kifyatulio chote, na aliye tayari kwenda kwenye uwanja wa shabaha kila baada ya miezi michache, anaweza kuishi salama na bastola isiyo na kifungio. Atakayeiweka muda mwingi ofisini na kuishika kwa nadra achague yenye kifungio, au rivolva yenye kifyatulio kizito, kisha azoee kitendo kimoja mpaka mkono ukifanye bila kuamriwa.

Lakini kwa wote wawili yako mambo yanayookoa maisha zaidi ya kifungio.

La kwanza ni chemba. Bastola isiyo na risasi kwenye chemba haifyatuki, iwe na kifungio au isiwe nacho. Kosa linalojirudia duniani kote ni la mtu anayechomoa magazini akadhani amemaliza. Kutoa magazini si kutoa risasi: ile iliyokwisha kuingia chemba hubaki humo. Glock, kwa mfano, haifunguliwi kwa kusafishwa mpaka kifyatulio kivutwe kwanza. Asiyeangalia chemba kwa jicho na kwa kidole kabla ya hapo anajitafutia msiba mezani kwake.

La pili ni kidole. Kikae nje ya kifyatulio hadi dakika ya uamuzi. Hakuna kiwanda kinachouza kifungio kinachozidi hicho.

La tatu ni kasha la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni. Droo ya meza si kasha, na chini ya kiti cha gari si kasha. Jambazi anayevunja gari na kukuta bastola amepata kitu cha thamani kuliko noti alizozitarajia, na kitatumika kwa mfanyabiashara mwenzako.

Hesabu yake

Mali bila daftari huisha bila habari, na bastola nayo ni mali. Kwenye ukurasa wa gharama usiandike bei ya dukani peke yake. Andika na ada za leseni, mafunzo, kasha, mkoba wa kubebea, risasi za mazoezi, mafuta ya kusafishia, na siku za kazi utakazopoteza kufuatilia kibali na uhakiki. Kwa ukungu na mvua za Njombe, chuma kisichofutwa hushika kutu upesi. Chagua pia aina ya risasi inayopatikana kwa urahisi. Milimita 9, iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Bastola nzuri yenye risasi adimu ni sawa na lori lisilo na vipuri.

Ukishajumlisha, linganisha na njia nyingine ya kulinda fedha zile zile: kutobeba fedha. Benki ziko Makambako na Njombe. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na wakulima wengi hupokea malipo kwa simu wakishaaminishwa kwamba makato ya kutoa yatabebwa na mnunuzi. Anayelipa nusu ya mzigo kwa simu amepunguza nusu ya sababu ya kuvamiwa. Anayebadili siku na saa za safari, na asiyehesabu noti hadharani kwenye kibanda cha chai, amepunguza tena. Bastola haizuii kuvamiwa. Huingia kazini baada ya mambo kuharibika, mara nyingi dhidi ya watu zaidi ya mmoja walioanza kabla yako.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi ambaye bado anaona anahitaji bastola, na kibali anacho, ajiulize maswali matano. Itakaa wapi muda mwingi wa siku? Ni nani wengine wanaofika mahali hapo? Kifungio chake, kama kipo, kinafunguka kwenda juu au chini, na je, mkono wangu unafikia nikiwa na koti? Ikidondoka sakafuni, vizuizi vya ndani vinaizuia? Nitafanya mazoezi mara ngapi kwa mwaka, na fedha ya risasi hizo nimeitenga?

Asiyekuwa na jibu la swali la mwisho asisumbuke na swali la kifungio. Fedha hiyo ainunulie kasha la chuma la ofisini, ajiandikishe kulipa kwa simu, na alale usingizi.