Wangechi Mutu: Mchongaji aliyewatua wanawake mzigo

KWA muda wa miaka 117, vishubaka vinne vilivyo kwenye uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York, Marekani, vilikaa vitupu. Sehemu hiyo ya jengo ilipokamilika mwaka wa 1902, vishubaka hivyo vilikusudiwa kutiwa sanamu, lakini sanamu zenyewe hazikuwekwa. Ilipofika Septemba 2019, wapita njia wa Fifth Avenue walikuta wanawake wanne wa shaba nyeusi wakiwatazama kutoka humo. Aliyewaumba ni Mkenya, Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi.

Anayeziona sanamu hizo kwa mara ya kwanza huenda akashangazwa na ugeni wake. Ili kuzielewa, yafaa kuanzia kwenye kigoda. Wachongaji wa jadi katika sehemu kadhaa za Afrika, hususan Waluba wa Kongo, walitengeneza vigoda vya watawala vyenye umbo la mwanamke aliyeinua kiti kwa kichwa na mikono yake. Wagiriki wa kale nao walichonga wanawake wakawafanya nguzo za kushikilia paa la hekalu. Kwa Waluba na kwa Wagiriki, mwanamke huyo ni mzuri, tena ana heshima zake, ila kazi yake ni kubeba.

Mutu aliwachukua wanawake hao akawatua mzigo. Wake wameketi au kupiga magoti, migongo imenyooka, wala hawainui chochote. Miili yao imezingirwa na mizunguko myembamba mithili ya vazi lililosokotwa. Kila mmoja ana kisahani kilichong'arishwa kama kioo kwenye sehemu tofauti ya kichwa. Visahani hivyo vinakumbusha ndonya, pambo la mdomo lililokuwa alama ya hadhi kwa wanawake wa baadhi ya jamii za Afrika. Jua likivipiga, humrudishia mtazamaji mwanga machoni.

Kabla ya shaba, Mutu alivuma kwa kazi za karatasi. Alizaliwa mwaka wa 1972, akasomea shule ya Loreto Convent Msongari, Nairobi, kisha akaendelea na masomo nchini Wales. Baadaye alihamia New York, ambako alihitimu katika chuo cha Cooper Union mnamo 1996. Shahada yake ya uzamili, aliyoipata katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 2000, ilikuwa ya uchongaji. Hili husahaulika mara nyingi na wale wanaodhani kwamba aliingilia sanamu ukubwani.

Picha zake za miaka ya 2000 zilitokana na majarida. Alikata mguu wa mwanamitindo hapa, jicho la mnyama pale, kipande cha pikipiki kwingineko, akavibandika pamoja hadi akapata mwili mmoja wa kike unaovutia na kutisha kwa wakati mmoja. Mara nyingi alifanyia kazi hiyo kwenye karatasi ya plastiki isiyonyonya maji. Wino ukimwagwa juu yake hauzami, bali hutanda, hujikusanya na kukauka kwa mabaka, nao huonekana kama ngozi yenye michubuko. Katika mfululizo mmoja wa picha 12, alibandika nyuso za wanawake juu ya michoro ya zamani ya kitabibu iliyoonyesha magonjwa ya uzazi. Ukurasa wa daktari ukageuka uso unaomkodolea macho msomaji.

Makali ya kazi hizo yamo katika chanzo cha vipande vyenyewe. Majarida ya mitindo na ya safari yalikwisha kuamua mwanamke mzuri ni yupi, na Mwafrika aonekane vipi. Mutu hakuyajibu kwa kuchora mwanamke mwingine aliye safi na mkamilifu. Aliyachana, akatumia viraka vyayo vyenyewe.

Katikati ya miaka ya 2010 alifungua karakana Nairobi, na tangu hapo amekuwa akifanya kazi huku na New York. Mali ghafi nayo ilibadilika. Katika sanamu za mfululizo wa Sentinel alitumia udongo mwekundu, vipande vya miti, rojo ya karatasi na gundi. Ukizitazama, si rahisi kusema mti unaishia wapi na mwanamke anaanzia wapi.

Pwani nayo haikuachwa. Maonyesho yake ya mwaka wa 2014 katika ukumbi wa Victoria Miro, London, yalipewa jina la Kiswahili, Nguva na Nyoka. Miaka mitatu baadaye alitengeneza nguva wa shaba nyeusi aliyeketi ametulia. Wavuvi wanamjua nguva kuwa mnyama wa baharini anyonyeshaye, ilhali wasimulizi wa hadithi wanamjua kuwa mwanamke anayewavuta watu majini wasirudi. Nguva wa Mutu ana mkia wa yule wa kwanza na uso wa yule wa pili, naye hakubeba kitu.