Sheria na Elimu ya Uhalifu: Masomo Mawili, Kazi Moja

Katika mtaa wa Malukhu, mjini Mbale, lipo gereza la Serikali. Kila mahabusu aingiaye humo hutanguliwa na karatasi zinazoeleza anadaiwa kutenda nini, lini na wapi. Karatasi hizo hazielezi kwa nini tendo kama hilo lilitendwa na wengine kabla yake, wala kwa nini huenda likatendwa tena katika kijiji kile kile. Swali la kwanza ni la sheria. La pili ni la elimu ya uhalifu, yaani kriminolojia. Vyuo vikuu kadhaa duniani, hasa nchini Uingereza, huyafundisha masomo hayo mawili katika shahada moja, na sababu ya kufanya hivyo yamhusu askari kuliko mtu mwingine yeyote.

Katika Afrika Mashariki, sheria ilianza kufundishwa chuoni Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kwa wanafunzi 14. Makerere ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1970 kikaanzishwa mjini Kampala Kituo cha Maendeleo ya Sheria, ambacho huwaandaa wanasheria kwa kazi ya mahakamani. Elimu ya uhalifu nayo ina historia yake. Mwaka 1764 Mwitalia Cesare Beccaria aliandika kwamba kinachomzuia mtu kutenda kosa ni uhakika wa kukamatwa na kuadhibiwa, wala si ukali wa adhabu. Mwitalia mwingine, Cesare Lombroso, alidai mwaka 1876 kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu, na kwamba hutambulika kwa umbo la kichwa na uso. Dai hilo lilikwisha kukataliwa na wataalamu zamani, lakini bado limo vichwani mwa watu wengi, ambao husikia jina la kabila au la mtaa wakadhani wamekwisha mpata mkosaji.

Mkoa wa Mbale wenyewe ni darasa la jambo hili. Wilaya ya Bugisu ilijulikana kwa muda mrefu kwa wingi wa mauaji. Mtaalamu Jean La Fontaine alichapisha uchunguzi wake juu ya mauaji hayo mwaka 1960, naye Suzette Heald, aliyeishi miongoni mwa Wagisu katika miaka ya 1960, akatoa kitabu kizima mwaka 1989. Ilidhihirika kwamba wengi waliouawa walikuwa watu waliokwisha pata sifa ya wizi au ya uchawi kijijini mwao. Ardhi ya mlimani ilikuwa haba. Kijana aliyekwisha tahiriwa alistahili kupewa shamba na baba yake, na baba hakuwa na shamba la kutosha wanawe wote. Kijana asiye na ardhi alitiliwa shaka upesi, na shaka ikitua juu ya mtu, majirani waliweza kumwua wenyewe na kisha wote wakanyamaza.

Hapo ndipo askari mwenye elimu ya upande mmoja hukwama. Anayejua sheria tu atafungua jalada la mauaji ya kukusudia, na ni haki afanye hivyo, lakini atashangaa kuona kijiji kizima hakina shahidi. Anayejua pia chanzo cha mauaji atafahamu kwamba ukimya ule una sababu zake, na kwamba kazi ilipaswa kuanza mapema, siku mtu alipoanza kunong'onezwa kuwa mwizi. Mshukiwa huyo angefikishwa mbele ya hakimu, ama angesafishwa jina lake hadharani, huenda asingeuawa.

Katika mji wa Kampala, wataalamu wawili wa Marekani, Marshall Clinard na Daniel Abbott, walilinganisha mitaa miwili ya watu maskini, mmoja wenye uhalifu mwingi na mwingine wenye uhalifu mchache. Katika kitabu chao cha mwaka 1973 walionyesha kwamba umaskini peke yake hautoshi kuieleza tofauti hiyo. Mtaa uliokuwa na amani ni ule ambao majirani walijuana, walitembeleana na walishirikiana. Mwaka uliofuata Mganda Tibamanya mwene Mushanga alichapisha utafiti wake juu ya mauaji katika Ankole, Kigezi na Toro. Elimu hii, basi, si ya kigeni. Imeandikwa hapa hapa, kwa habari za hapa hapa.

Hata hivyo, kujua chanzo cha kosa hakumruhusu askari kuivuka sheria. Katiba ya mwaka 1995 yaamuru kwamba mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, na kwamba ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maelezo ya kukiri kosa hupaswa kuandikwa katika lugha anayoisema mshukiwa mwenyewe, iwe Kiswahili au Kimasaba, kisha ndipo yatafsiriwe kwa Kiingereza. Maelezo yaliyopatikana kwa kipigo hukataliwa na mahakama, na kesi iliyotegemea maelezo hayo huanguka, hata kama mshtakiwa ndiye aliyeua. Hapo marehemu hukosa haki, na wanakijiji hupata kisingizio kipya cha kujichukulia sheria mkononi.

Mahakama zenyewe zimekwisha yaunganisha masomo haya. Tarehe 21 Januari 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba sheria haiwezi kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila mwenye hatia ya mauaji ya kukusudia. Tangu hapo jaji husikiliza kwanza umri wa mtu huyo, maisha yake na mazingira ya kosa lake. Hayo ni maswali ya elimu ya uhalifu, yakiulizwa ndani ya chumba cha sheria.

Jeshi nalo limejionea. Kazi ya kuwanyang'anya wafugaji wa Karamoja bunduki ilianza Desemba 2001. Kwa sheria, bunduki isiyo na kibali ni kosa, na jambo likaisha. Lakini mfugaji aliishika kwa kumwogopa jirani, na waliosalimisha silaha mapema walivamiwa na wale waliozificha. Amri ilikuwa halali, ila haikuweza kufaulu mpaka mwenye kutii apate ulinzi.

Si kila askari atakayekwenda chuo kikuu, wala haina lazima. Lakini ofisa anayepata nafasi ya kusoma asichague somo moja na kulidharau la pili. Na konstebo aliye kituoni, afunguapo jalada, na ajiulize maswali mawili: nitalithibitishaje kosa hili kwa njia halali, na ni nini kilicholizaa? Akilijibu la kwanza tu, atampeleka mtu Malukhu. Akiyajibu yote mawili, huenda akamwokoa mwingine asiuawe.