Nyota za Mkia: Zitokako na Ziendako

Askari aliyekuwa lindo mwishoni mwa Septemba 2024 na kuelekeza macho mashariki kabla ya alfajiri, au aliyetazama magharibi baada ya machweo wiki mbili baadaye, aliweza kuiona nyota ya mkia bila ya darubini. Iligunduliwa Januari 2023 na kituo cha Tsuchinshan nchini China, kisha darubini ya ATLAS iliyoko Afrika Kusini ikaiona mwezi uliofuata. Magazeti mengi ya dunia yaliandika kwamba mara ya mwisho ilipita miaka 80,000 iliyopita. Habari hiyo ilienea upesi, wala haikusimama. Vipimo vilipoongezeka ilidhihirika kuwa ilitoka mbali zaidi, katika safari ya mamilioni ya miaka, na kwamba huenda isirudi kamwe.

Hapana aliyesema uongo. Shida ilikuwa katika mwendo. Kitu chochote kilicho umbali wa kilomita milioni 150 kutoka Jua, yaani umbali wa Dunia yetu, kikienda kilomita 42.1 kwa sekunde hulishinda Jua nguvu na kwenda zake moja kwa moja. Nyota ya mkia inayorudi kila baada ya miaka 80,000 hupita hapo kwa mwendo uliopungua kwa chini ya mita 6 tu kwa sekunde. Mita 6 kwa sekunde ni mwendo wa askari akimbiaye na bunduki yake. Tofauti hiyo ndogo, ndani ya kilomita 42, ndiyo inayotenganisha mwenye kurudi na asiyerudi.

Wapiga mizinga watalielewa jambo hili kuliko wengine. Kombora likionekana angani kwa kitambo kidogo, kipande hicho cha tao lake chatosha kukisia lilikofyatuliwa na litakakoangukia. Kipande kikiwa kifupi, kosa dogo la kipimo huzaa kosa kubwa mwishoni mwa hesabu. Mwanafalaki ana taabu zaidi, kwani darubini humwonyesha upande iliko nyota ya mkia lakini haimwambii umbali wake. Naye mwenyewe amesimama juu ya Dunia inayokwenda. Kwa hiyo hulinganisha mahali pake na nyota nyingine usiku baada ya usiku, kwa miezi au miaka, na kutafuta njia moja inayopatana na vipimo vyote. Picha za zamani nazo hufukuliwa makabatini. Nyota ya mkia ya Hale-Bopp iligunduliwa Julai 1995, lakini ilikwisha kunaswa katika picha iliyopigwa Australia mwaka 1993 bila ya mtu kuitambua.

Njia hiyo ikipatikana, kazi haijaisha, maana ni njia ya siku zile tu ilipoonekana. Sayari kubwa, hasa Mshtarii, huivuta na kuipotosha njiani. Mwaka 1914 Elis Strömgren wa Copenhagen alichukua nyota za mkia zilizodhaniwa kuwa zimetoka nje ya milki ya Jua, akarudisha hesabu nyuma, akiondoa mvuto wa sayari hatua kwa hatua mpaka nyota hizo zikawa mbali na sayari zote. Huko nyuma zilionekana kuwa zimefungwa na Jua. Mwaka 1950 Jan Oort wa Uholanzi alitumia njia 19 za asili zilizopatikana kwa namna hiyo, akatambua kuwa nyingi zilitoka katika ghala moja kubwa la barafu lililozunguka Jua, mbali kwa makumi ya maelfu ya mara ya umbali wetu na Jua. Ghala hilo leo laitwa wingu la Oort.

Hesabu hiyo hiyo hupelekwa mbele. Hale-Bopp ilikuwa ikija kwa mzunguko wa takriban miaka 4,200. Aprili 1996 ilipita kilomita milioni 115 hivi kutoka Mshtarii, nao mzunguko wake ukafupishwa kuwa takriban miaka 2,400. Bowell, iliyogunduliwa mwaka 1980, ilipatwa na kinyume chake. Desemba mwaka huo ilipita karibu zaidi, kilomita milioni 34 tu, ikaongezewa mwendo na kufukuzwa moja kwa moja. Mtu ambaye angeitazama ikitoka angeapa kuwa ni mgeni kutoka kwenye jua jingine. Lakini alindaye mpaka ajua kwamba atokaye si lazima awe mgeni. Sharti kwanza aulizwe aliingilia wapi. Bowell alikuwa mwenyeji.

Ipo pingamizi moja ambayo kompyuta haijaimaliza. Barafu ya nyota ya mkia ikipata joto la Jua hutoa mivuke, na mivuke hiyo huisukuma pembeni kama vile risasi irudishavyo bunduki begani. Ndiyo maana kila jibu la kweli hutolewa pamoja na kiasi cha kosa lake. Kiasi hicho magazeti hukiacha, nasi tukabaki na tarakimu tupu.

Mwaka 2013 kosa la namna hiyo lilikuwa na uzito wake. Nyota ya mkia iliyogunduliwa Siding Spring, Australia, tarehe 3 Januari ilielekea sayari ya Mirihi, na kwa vipimo vya mwanzo haikuwezekana kukanusha kuwa ingeigonga. Picha za mwaka 2012 zilipatikana, vipimo vipya vikaongezwa mwezi baada ya mwezi, na hatari ya kugongana ikaondoka. Ilibaki hatari ya vumbi, liendalo kilomita 56 kwa sekunde. Vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikiizunguka Mirihi vilirekebishiwa njia mapema. Tarehe 19 Oktoba 2014, saa 3:27 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, nyota hiyo ilipita umbali wa kilomita 140,000 hivi kutoka Mirihi. Zaidi ya saa moja baadaye, vumbi lake lilipotazamiwa kuwa zito, vyombo hivyo vilikuwa vimejificha nyuma ya sayari.